Mwanao ni kipanga na anaboreka darasani? Tuisheni siyo dawa (uzi wa wazazi na walimu wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani)

Chaki ya Uyole (mwenye uzi)

Wakuu, kamwene, ugonile, na habari za baridi kwa wote mliojifunika blanketi.

Mimi ni mwalimu wa Hisabati, shule ya msingi ya serikali, hapa Mbeya jiji. Matokeo ya darasa la nne na la saba yakishatoka, simu yangu hujaa ujumbe wa aina moja: "Mwalimu, mwanangu ana akili sana, nimpeleke wapi?" Kujibu mmoja mmoja kumenishinda, kwa hiyo namwaga yote hapa. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Msimamo wangu nautanguliza. Mtoto mwepesi wa kuelewa ana njaa ya kazi ngumu, na sisi tunamlisha kazi nyingi. Tunalipia wingi tukidhani tumenunua ugumu. Tuisheni ya jioni inayorudia kilekile alichokielewa saa mbili asubuhi ni kumwadhibu mtoto kwa kosa la kuelewa mapema.

Tuanze na hii namba moja inayotutoa roho. Niliwahi kuwa na mtoto wa kiume darasa la nne, mitihani ya muhula alikuwa anashika ya 31, ya 40, hukohuko katikati. Tulikuwa kwenye kugawanya kwa baki. Nimeandika ubaoni 10 gawanya kwa 3, jibu 3 baki 1. Darasa zima limenakili. Yeye kanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo moja tunaiacha tu?" Nikamwambia kwa leo tunaiacha. Hakuiacha. Nilipokusanya madaftari, katika maswali kumi niliyotoa alikuwa kafanya manne. Ila nyuma ya daftari, kurasa za mwisho kabisa, kaendelea kuigawa ile baki. Kaongeza sifuri, kagawa, kapata 3, imebaki 1. Kaongeza sifuri tena, 3 tena. Zile 3 zimeshuka mpaka chini ya ukurasa, na pembeni kaandika kwa penseli: "haiishi". Akahamia kwenye 7. Kagawa 1 kwa 7, kapata 142857, halafu zikaanza upya 142857. Kagawa 2 kwa 7, kapata 285714. Hapo akachora duara, akazipanga zile tarakimu sita kulizunguka, akaweka mishale kuonyesha kwamba ni zilezile, kilichobadilika ni pa kuanzia.

Hakuna aliyemfundisha hilo. Na kwa utaratibu wa kusahihisha, zoezi lile alistahili 4 ya 10.

Wanaoshika namba moja wengi wao ni wasikivu, wana mwandiko mzuri, wanamaliza kazi, hawasumbui. Hiyo ni tabia njema na itawafikisha mbali, siwabezi. Lakini ni jambo jingine na hili ninalolizungumzia. Wapo wenye yote mawili, na wapo kama yule wa duara, ambao usipofungua kurasa za nyuma za daftari huwajui maisha yako yote. Na mtihani wetu wa darasa la saba sehemu kubwa ni kusiliba, yaani kuchagua herufi ya jibu na kuijaza kwa penseli. Kusiliba kunaonyesha jibu. Njia aliyopita mtoto hakuionyeshi.

Hata wenzetu waliojitapa kwa vipimo walipigwa chenga. Mwaka 1921 huko California, Lewis Terman alianza kuwakusanya watoto wenye akili nyingi ili awafuatilie maishani. Walimu walitaja majina ya waliowaona wakali, kisha watoto wakapewa kipimo cha akili. Wakapatikana kama 1,500. Wawili waliopimwa wakaachwa kwa kuwa alama hazikutosha walikuwa William Shockley na Luis Alvarez. Shockley akaja kupata Nobeli ya fizikia 1956, Alvarez 1968. Katika wale waliochaguliwa, hata mmoja hakuipata. Sisemi vipimo ni takataka. Nasema mwalimu anapokuambia "mtoto wako wa kawaida tu" au "mtoto wako si mchezo", bado uwe na macho yako mwenyewe.

Uangalie nini? Joseph Renzulli, Mmarekani mwingine, alitoa maelezo mwaka 1978 ambayo kwangu yanafaa kuliko namba yoyote: uwezo uliozidi wastani, ubunifu, na kung'ang'ania kazi, vyote vitatu vikikutana. Hicho cha tatu ndicho tunachokisahau. Mtoto anayejibu haraka akawachekesha wageni halafu anaacha ni mchangamfu. Mtoto aliyeambiwa "kwa leo tunaiacha" na hakuiacha, huyo mkae naye chini.

Kuna jambo linalowachanganya wazazi wengi: watoto hawa hawakui sawasawa. Kichwa kinaweza kuwa cha miaka kumi na moja, mkono wa kuandika wa miaka saba, na moyo wa miaka sita. Anakueleza mwezi unavyopatwa halafu dakika hiyohiyo analia kwa sababu mdogo wake kachukua kikombe chake. Wengine wanahisi kupita kiasi, kuku akichinjwa hali nyama siku nzima, usiku anakuuliza bibi alipokufa alikwenda wapi na kama alisikia baridi. Usimwambie "na akili zako zote hizo unalia!" Akili haijawahi kumzuia mtu kulia.

Sasa darasani. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Wanaoishi Mbeya wanajua hali halisi, sitaki kuandika namba nikaitwa ofisini. Katika umati ule, anayemaliza kwanza anapewa nini? Kukusanya madaftari. Kuandika majina ya wapiga kelele. Kumwagilia maua. Au tunamfanya mwalimu msaidizi, awafundishe wenzake mwaka mzima. Mara mojamoja ni vizuri, kumweleza mwenzako kunakukomaza. Ila ikiwa ndiyo ratiba yake ya kila siku, huyo hajaja shule, amekuja kazini bila mshahara. Baada ya miaka mitatu ya hivyo anajifunza kitu kimoja tu, kwamba shule haimtaki aumize kichwa. Anafika kidato cha kwanza, anakutana na somo linalomtoa jasho kwa mara ya kwanza, na hajui mtu anafanyaje akiwa hajui. Hapo ndipo mnaposikia "alikuwa kichwa sana msingi, sekondari sijui kalogwa na nani". Hakulogwa.

Nitoe mbinu zangu mbili ambazo hazina gharama, walimu mchukue.

Moja: nikitoa maswali kumi, mawili ya mwisho huwa ndiyo magumu. Natangaza kwa darasa zima kwamba anayetaka anaruhusiwa kuanza na hayo mawili. Akiyapata yote na njia ikaonekana, nane zilizobaki nimemsamehe, achukue kazi kwenye bahasha iliyo mezani kwangu. Akikosa moja, anarudi kwenye foleni na wenzake. Simchagui mtu, kwa hiyo hakuna manung'uniko ya upendeleo. Na mara nyingine anayejitokeza ni yule ambaye sikumtegemea kabisa.

Mbili, hiyo bahasha. Ndani kuna vikaratasi, kila kimoja swali moja linalochukua siku kadhaa. Mfano: jaza miraba tisa, tatu kwa tatu, kwa namba 1 mpaka 9 bila kurudia, kila mstari ujumlike 15, ulalo nao. Hilo ni la kuanzia. Hili hapa ndilo wanalolipenda: una sarafu za shilingi 50, 100, 200 na 500, kadiri unavyotaka. Kuna njia ngapi za kulipa shilingi 1,000 kamili? Mtoto wa darasa la tano atakupa majibu ya kubahatisha, siku ya pili ataanza kuandika orodha, siku ya nne orodha itamvuruga, na hapo ndipo anapogundua mwenyewe kwamba inabidi apange kwa utaratibu. Huo utaratibu ndio somo. Jibu siliandiki hapa, jaribuni wenyewe.

Nyumbani nako msitake makuu. Maktaba ya mkoa ipo Mbeya na Iringa ipo, mpeleke. Vitabu vya kiada vya madarasa ya juu vinasomeka bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mwenye simu amfungulie asome cha mbele yake. Mkiwa na safari ya Tunduma, shukeni mkaone Kimondo cha Mbozi. Usimpe hotuba. Mwache akiguse, aulize kwa nini chuma kidondoke kutoka juu. Jiwe lile ni chuma kwa asilimia 90 hivi na nikeli kidogo. Wa Iringa mna Isimila na zana zake za mawe, watoto wenu wangapi wamefika? Na kama pana mzee kijiweni anacheza bao, muombe amkalishe mtoto pembeni. Mashimo 32, kete 64, na mzee anajua kete yake ya mwisho itaangukia wapi kabla hajaanza kutembeza. Hakuna tuisheni ya Hisabati inayoifikia hiyo.

La mwisho kwa leo ni sifa. Mgeni akija, mtoto anaitwa sebuleni ataje miji mikuu ya Afrika, anapigiwa makofi, "huyu ni profesa!" Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walitoa matokeo ya majaribio yao kwa watoto wa miaka kumi hivi. Waliofaulu wakaambiwa, kundi moja "una akili sana", kundi jingine "umefanya bidii". Kisha wote wakapewa mtihani mgumu wakaanguka. Waliosifiwa akili walikata tamaa upesi zaidi, wakaanza kukwepa kazi ngumu, na walipoambiwa wawaandikie wenzao alama walizopata, wengi zaidi katika kundi hilo walidanganya. Ukishamfanya akili ndiyo jina lake, kukosa swali kunakuwa kuvuliwa nguo. Msifu njia. "Hapa ulifikiriaje? Kwa nini uliacha ile ya kwanza?" Sifa ya namna hiyo mtoto anaila na inamjenga.

Kuruka darasa na shule za vipaji najua mtauliza. Karibuni.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Nimeweka kiti mbele kabisa. Mwalimu, hilo la sarafu nimelipiga chapu hapa dukani, nimepata 36.

Chaki ya Uyole

Mkuu, ile ya 500 umeisahau mfukoni.

Zamani Tulisoma

Mambo ya wazungu haya. Sisi tulisoma tumekaa chini, mwalimu mmoja, kiboko kimoja, na tukatoka maprofesa, majaji na maaskofu. Hakuna aliyetuuliza kama tunaboreka. Halafu kila mtoto ana kipaji chake alichopewa na Mungu, kuwabagua wengine "vipanga" ni kuwaumiza wenzao. Mtoto akae na wenzake asubiri, subira nayo ni elimu.

Chaki ya Uyole

Shikamoo mzee. Waliotoka tunawahesabu. Walioishia kuchunga ng'ombe wakati walikuwa na vichwa kuliko hao majaji hatuwahesabu, maana hakuna anayewajua.

Kuhusu kubagua, hebu tuangalie michezo. Mashindano ya UMITASHUMTA yakikaribia, mtoto mwenye mbio anatolewa shuleni, anakwenda kambi ya wilaya, akishinda anakwenda mkoa, anapewa kocha na raba. Hakuna mzazi anayesema asubiri wenzake wenye miguu mizito wamfikie, na hao wenzake hawaumii, wanakwenda kumshangilia. Kwa nini akili tu ndiyo iambiwe isubiri? Mimi sijaomba raba. Nimeomba swali moja gumu kwenye bahasha.

Zamani Tulisoma

Hapo umenishika kidogo. Ila kiboko nakitetea.

Viazi vya Njombe

Mwalimu, umeongelea wavulana tu mfano wako. Nina mtoto wa marehemu kaka yangu, wa kike, darasa la sita, nakaa naye huku Njombe. Msimu uliopita kaja mnunuzi na magunia yake ya lumbesa, si mnajua mambo yao, kile kilemba cha juu. Tulikuwa tunakubaliana 65,000 kwa gunia. Mtoto alikuwa amekaa juu ya ndoo anachambua mbegu, akauliza: "Baba mdogo, kwani gunia lina kilo ngapi?" Mnunuzi akacheka akasema ni gunia, linahesabiwa gunia. Mtoto akaomba tupime moja kwenye mzani wa jirani. Likatoka kilo 130. Akasema palepale, bila karatasi: "Kwa hiyo anatupa 500 kwa kilo. Angejaza kilo 100 kwa bei hiyohiyo tungepata 650. Kila magunia kumi tunampa tani moja tunayolipwa, na kilo 300 za bure." Mnunuzi aliacha kucheka.

Sasa shuleni huyuhuyu ni wa 22. Nimemuuliza mwalimu wake, kasema ni mpole, hana shida. Nimemuuliza mwenyewe kwa nini Hisabati anapata 60, kanijibu kwamba mwaka juzi alipata 98 wenzake wakamwita mchawi na wakaacha kumsubiri njiani kurudi nyumbani. Nifanye nini?

Chaki ya Uyole

Baba mdogo, kwanza Mungu akubariki kwa kukubali ule mzani upelekwe. Wazee wengine wangemwambia mtoto anyamaze, wakubwa wanaongea.

Nimepigwa na ujumbe wako kwa sababu naliona kila mwaka. Wavulana wenye akili wakiboreka wanafanya utundu, wanachapwa, lakini angalau wanaonekana. Wasichana wanajificha. Wanajifunza kupata 60 kwa ustadi, na kupata 60 kwa makusudi ni kazi, lazima ujue jibu ili ulikose vizuri. Mwalimu anasema hana shida na anasema kweli kwa anachokiona.

Usimlazimishe apate 98 kesho. Kwake hiyo ni bei, analipa kwa marafiki. Mtafutie mwenzake mmoja, hata wa darasa la saba au wa shule jirani, wa kike akipatikana, ambaye naye anapenda hesabu. Mmoja anatosha. Pili, mpe kazi ya kweli nyumbani: awe mhasibu wa viazi. Daftari, mbegu, mbolea, vibarua, mauzo, faida. Ila, na hili nisamehe nikisema waziwazi, punguza vyombo na ndoo za maji, au vigaweni sawa na wavulana wa nyumba hiyo. Mtoto wa kike huku kwetu jioni yake inaisha jikoni, akili yake inafanya kazi akiwa amechoka.

Kwa mwalimu wake nenda, lakini angalia unavyoingia. Ukifika na "mwanangu ana akili kuliko mnavyomfundisha", umeshafunga mlango. Msalimie, mpe pole na kazi, mweleze habari ya gunia kama ulivyotueleza sisi, kisha mwombe kitu kimoja kidogo kinachowezekana: asimsomee matokeo yake kwa sauti mbele ya darasa. Kingine utaomba muhula ujao.

Fundi wa Mafiati

Ticha naomba nisaidie na mimi. Kijana wangu miaka tisa, darasa la tatu. Redio, pasi, chaja, anafungua na kurudisha, juzi kanitengenezea feni ambayo mimi fundi niliishaiweka pembeni. Ila kusoma hawezi. Anachanganya b na d, aya fupi anatoka jasho, akikusomea kesho kayasahau. Shuleni wamemwita mzembe, mama yake anamwita mzembe. Mimi nimekwama.

Chaki ya Uyole

Fundi, mzembe hakai saa tatu na feni.

Mtoto anaweza kuwa na akili kubwa na wakati huohuo akawa na ugumu kwenye kusoma, vyote viwili ndani ya mtoto mmoja. Hivi vinafichana. Akili inafunika ugumu, kwa sababu anakariri aya aliyosikia mwenzake akisoma na mwalimu anadhani kasoma. Ugumu nao unafunika akili, matokeo yake anaonekana wa wastani au wa chini. Anza na macho na masikio, hospitali, kabla ya kitu kingine chochote. Yakiwa mazima, nenda ofisi ya elimu ya halmashauri ukamuulizie afisa wa elimu maalumu. Mweleze hiki ulichokiandika hapa, na uombe aangaliwe na mwalimu aliyesomea elimu maalumu. Wapo, Chuo cha Ualimu Patandi kule Arusha kinawatoa kila mwaka.

Wakati unangoja, msomee wewe. Vitabu vya umeme, vya magari, chochote anachokipenda. Asikose maarifa kwa sababu herufi zinamsumbua. Na muombe mwalimu wake ampime kwa mdomo hata mara moja, aone atakachosikia. Kusoma afundishwe polepole kila siku, dakika chache, kwa sauti za herufi, asirundikiwe kurasa. Feni usimnyang'anye iwe adhabu. Hapo ndipo mahali pekee anapojiona mzima.

Fundi wa Mafiati

Nimekuelewa sana. Mama yake nimempa simu asome mwenyewe.

Mkuu Mstaafu Mufindi

Habari zenu. Nimeongoza shule za msingi huku Mufindi mpaka nilipostaafu. Mwalimu umesema vizuri ila umelikwepa la kuruka darasa, nami nitalisema. Utafiti wa nje unaonyesha watoto wengi wenye uwezo mkubwa wakirushwa wanafanya vizuri kimasomo, sipingi. Lakini mazingira yetu tuyaangalie. Darasa la nne huwezi kuliruka, kuna upimaji wa kitaifa na kila mtoto ana namba yake ya PReM, ile ya usajili wa Baraza la Mitihani, inayomfuata. Sera ya Elimu ya 2014 toleo la 2023 imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba kuwa sita na mtoto anaanza na miaka sita. Ukimrusha tena, unamfikisha bwenini akiwa na miaka kumi na moja, anaoga maji ya baridi ya Mafinga alfajiri pamoja na vijana wenye ndevu. Nimeyaona hayo, sitaki kuyaandika yote.

Nilichokuwa nafanya: mtoto anabaki darasa lake, ila kipindi cha somo analolimudu sana anapanda darasa la juu. Nilikuwa na mmoja wa la tatu, kila kipindi cha Hisabati anabeba daftari lake anakwenda la tano, kengele ikilia anarudi kucheza gololi na wenzake. Kinachotakiwa ni ratiba mbili zilingane tu. Mwalimu wa taaluma akikaza kidogo inawezekana.

Chaki ya Uyole

Shikamoo mkuu. Nakubaliana kwa asilimia kubwa. Pale ninapotofautiana: mtoto wa darasa la kwanza aliyekuja anasoma na kuhesabu vizuri, kumpandisha la pili mapema mwaka huohuo sioni ubaya, mwili hautofautiani sana na wenzake na bado analala kwao. Kinachonikera ni kurusha kwa ajili ya sifa za mzazi, la tano kwenda la saba ili mtu aseme kanisani "wangu kamaliza na miaka kumi".

Gangilonga Juu

Samahani, kuna aliyesema shule za vipaji. Mimi wangu yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza hapa Iringa, ada nalipa vizuri, ana masomo ya kompyuta, piano, kuogelea, Kifaransa Jumamosi. Nataka afaulu aende shule ya vipaji maalumu. Shida yake sasa hivi halali usiku na kucha anazitafuna mpaka damu.

Chaki ya Uyole

Mama, mpe Jumamosi yake leo hii. Kabla ya jambo jingine lolote. Na kama usingizi haurudi, aonane na daktari.

Shule za vipaji maalumu za serikali ni Ilboru ya Arusha, Kibaha ya Pwani, Mzumbe na Kilakala za Morogoro, Msalato ya Dodoma, na Tabora Wavulana na Tabora Wasichana. Saba, na hakuna hata moja huku kwetu Nyanda za Juu Kusini. Jina ni vipaji, lakini kinachomwingiza mtoto ni alama za darasa la saba. Yule wangu wa duara asingeingia. Ni shule nzuri, akichaguliwa aende, lakini asipochaguliwa hujapoteza mtoto. Sekondari yoyote akifika anaweza kupeleka mradi kwenye mashindano ya Young Scientists Tanzania, na kuna MAKISATU, mashindano ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya wizara tangu 2019 ambayo inapokea mpaka wabunifu wa mitaani. Fundi wa Mafiati, hiyo ya pili isikie vizuri.

Na Kiingereza, mama, hakipimi akili. Kinapima ada.

Gangilonga Juu

Kifaransa nimeshakitoa. Piano kasema anaitaka mwenyewe.

Chaki ya Uyole

Basi hiyo muachie.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Nimeirudia na ya 500 ndani, sasa 48. Wateja wamenisusa.

Viazi vya Njombe

Nilimpa yule binti karatasi jana jioni, sikumwambia kitu. Leo asubuhi kaniletea 49. Kapanga hivi: sarafu za 500 zikiwa mbili, njia 1. Ikiwa moja, njia 12. Zisipokuwepo kabisa, njia 36. Anauliza ni sahihi?

Chaki ya Uyole

Usimwambie. Muulize yeye anajuaje kwamba hakuna iliyomponyoka. Akishakueleza ukaridhika, mpe hii: ongeza sarafu ya 20 kwenye zile nne. Mwambie asianze na 1,000, aanze na 200 kwanza.

Kijiwe cha Mwanjelwa

Mwalimu, hiyo ya 20 tunaipata wapi siku hizi?